Kalenda na Hadithi: Uhakiki wa Vitabu vya Watoto vya Siku za Kumbukumbu

Utangulizi

Fasihi ya watoto ni tawi ambalo wahakiki wengi hulipita haraka, kana kwamba udogo wa msomaji huleta udogo wa kazi yenyewe. Ndani ya tawi hilo kuna kitawi kinachopuuzwa zaidi, nacho ni vitabu vinavyoandikwa, au vinavyotolewa kabatini, kwa sababu tarehe fulani imewadia. Mwaka wa shule umejaa tarehe za aina hiyo. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999. Tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, ni Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto tangu 1967. Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani. 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika tangu 1991. 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. 8 Septemba ni Siku ya Kusoma na Kuandika. Juu ya hizo, kila taifa lina siku zake za uhuru na za mashujaa wake.

Kila siku ya namna hii huja na mabango, nyimbo, hotuba, na mara nyingine kitabu. Makala haya hayakusudii kuviorodhesha vitabu hivyo vyote. Yanakusudia kujibu swali moja: je, kitabu kilichozaliwa na tarehe kinaweza kuishi baada ya tarehe hiyo kupita? Ili kulijibu, vitachunguzwa vitabu vinavyohusu siku mbili za Afrika, kisha itatazamwa kalenda ya Kongo, ambako swali hili lina uzito wa pekee kwa wanaofundisha na kujifunza Kiswahili.

1. Mahitaji ya siku na mahitaji ya hadithi

Siku ya kumbukumbu ni tendo la umma. Inataka watu wote wakubaliane, angalau kwa asubuhi moja, juu ya jambo lililotokea na maana yake. Kwa hiyo inahitaji maneno mafupi, shujaa mmoja, na funzo ambalo mwalimu anaweza kuliandika ubaoni. Zaidi ya hayo, siku ya kumbukumbu huanzia mwisho. Anayeingia uwanjani kuadhimisha anajua tayari nani alishinda na nani alikufa.

Hadithi haiwezi kuanzia hapo. Mhusika wake hajui kesho italeta nini, na msomaji hufuatana naye katika kutojua huko. Mtoto hasa husoma kwa ajili ya jambo hilo: anataka kujua kitakachofuata. Kitabu kinachomwambia katika ukurasa wa kwanza kwamba mtu huyu alikuwa shujaa mkubwa kimekwisha kumnyang'anya sababu ya kufungua ukurasa wa pili.

Hata hivyo, haingekuwa haki kuilaumu siku peke yake. Mara nyingi siku ndiyo inayoleta kitabu. Panapokuwa na maadhimisho hupatikana fedha za kuchapa, hupatikana mchoraji, na mwalimu hupata ruhusa ya kuacha somo la kawaida. Katika nchi ambamo kitabu cha rangi ni ghali kuliko uwezo wa wazazi walio wengi, fursa hiyo si ya kudharauliwa. Hatari ni kwamba kitabu kinacholipiwa na sherehe huiga sauti ya sherehe. Wahenga walisema: ngoma ivumayo haidumu.

2. Jumatano moja mjini Soweto

Siku ya Mtoto wa Afrika ina asili ambayo walimu wa lugha wasingepaswa kuisahau. Mwaka 1974 serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliamuru Kiafrikana kitumike, pamoja na Kiingereza, kufundishia masomo katika shule za Waafrika, hisabati ikiwa mojawapo. Tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kuipinga amri hiyo, na polisi wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Hector Pieterson, mwenye umri wa miaka 12. Picha iliyopigwa na Sam Nzima ilizunguka dunia nzima: kijana Mbuyisa Makhubo amembeba Hector mikononi, na Antoinette, dada yake Hector, anakimbia kando yao.

Kwa hiyo siku ambayo leo huadhimishwa barani kote kwa nyimbo kuhusu haki za mtoto ilitokana na mgogoro wa lugha ya kufundishia. Jambo hili mara nyingi hupotea katika maadhimisho. Hutajwa ujasiri, hutajwa damu, hutajwa haki. Lugha ambayo watoto wale waliikataa hutajwa kwa kupita tu, au haitajwi kabisa.

Mwaka 2019 Adrienne Wright alitoa kitabu cha picha kwa Kiingereza kinachoitwa Hector, ambacho kinastahili kusomwa kwa makini na yeyote anayetaka kuwaandikia watoto juu ya tarehe. Kitabu hicho kimegawanywa kwa mitazamo mitatu: ya Hector, ya Antoinette, na ya Sam mpiga picha. Mgawanyo huu ndio siri ya mafanikio yake. Picha ya Nzima inajulikana mno, na kitu kinachojulikana mno hakitazamwi tena. Wright anarudi nyuma ya picha. Hector anaonyeshwa kwanza kama mtoto wa nyumbani, mwenye mama, dada na michezo yake, kabla ya kuwa jina lililochongwa kwenye jiwe la ukumbusho. Mtoto aliyeamka Soweto asubuhi ile hakuamka siku ya kumbukumbu. Aliamka Jumatano. Msomaji mdogo anapomwona akitoka nyumbani kwenda shule, anaona asubuhi inayofanana na yake mwenyewe, na ndipo kifo kinapokuwa na maana. Mtu hawezi kumlilia shujaa ambaye hajawahi kumfahamu kama mtoto.

Mtazamo wa tatu pia una faida yake. Kwa kumweka mpiga picha ndani ya hadithi, kitabu kinamfundisha mtoto, bila hotuba, kwamba kumbukumbu hutengenezwa. Kulikuwa na mtu pale, naye alichagua kuinua kamera yake. Bila yeye, tarehe hiyo ingekumbukwa kwa namna nyingine.

3. Vitabu vitano, mwanamke mmoja

Mfano wa pili ni Wangari Maathai (1940–2011). Maisha yake yamefungamana na kalenda kwa namna ya ajabu. Miti saba ya kwanza ya vuguvugu lililokuja kuitwa Green Belt ilipandwa jijini Nairobi tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani. Baada ya kifo chake, Umoja wa Afrika uliamua mwaka 2012 kwamba 3 Machi, ambayo ilikuwa tayari Siku ya Mazingira ya Afrika, iwe pia Siku ya Wangari Maathai. Kwa msomaji wa Kongo kuna kiungo cha karibu zaidi: tangu 2005 mama huyu alikuwa balozi mwema wa misitu ya bonde la Kongo.

Kati ya 2008 na 2011 vilitoka angalau vitabu vitano vya picha juu yake: cha Claire A. Nivola na cha Jeanette Winter mwaka 2008. Mama Miti cha Donna Jo Napoli, kilichochorwa na Kadir Nelson, na Seeds of Change cha Jen Cullerton Johnson, kilichochorwa na Sonia Lynn Sadler, mwaka 2010. Na cha Mfaransa Franck Prévot, chenye michoro ya Aurélia Fronty, mwaka 2011. Ni nadra kupata waandishi watano wakimhadithia mtu mmoja kwa watoto katika muda mfupi hivyo. Kwa mhakiki hiyo ni maabara: maudhui ni yaleyale, kwa hiyo tofauti zote ni za uteuzi na za fani.

Tofauti kubwa ipo katika namna ya kushughulikia mapigo. Ni jambo la historia kwamba Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka 1989, kwamba alipigwa hadi kuzimia mwaka 1992 alipokuwa na akina mama waliodai wana wao waliofungwa, na kwamba alishambuliwa tena mwaka 1999 alipotetea msitu wa Karura. Nivola anaelekeza macho kwenye ardhi iliyochakaa na kazi ya wanawake; upinzani wa serikali ameuweka zaidi katika maelezo ya mwisho, ambayo husomwa na mzazi kuliko mtoto. Napoli ameyaacha kabisa mapambano hayo: wanawake wanamjia Wangari kila mmoja na shida yake, naye anampa kila mmoja mti unaofaa. Winter, kwa maneno machache sana na picha ndogo zilizozungushiwa fremu, anaonyesha rungu likimpiga na anaonyesha gereza. Johnson naye hafichi kufungwa kwake. Prévot anakwenda mbali zaidi: anaeleza ukoloni, utawala na siasa, kiasi kwamba mti unakuwa silaha ya raia.

Ingekuwa rahisi kutoa hukumu hapa na kusema kwamba kitabu kinachoficha ni kibaya na kinachofunua ni kizuri. Hukumu hiyo haitoshi. Mama Miti kina elimu ambayo vingine vimeipunguza: kinamwonyesha mtoto kwamba mti si neno la jumla. Kuna mti wa kuni, wa dawa, wa chakula cha mifugo, wa ua wa kuzuia wanyama, na kila mmoja una jina lake la Kigikuyu. Nelson ameipamba hadithi kwa vipande vya vitambaa vya Kiafrika, hata miti na watu wakawa wa kitambaa kimoja. Kasoro inatokea pale kitabu hicho kinapokuwa peke yake katika siku ya 5 Juni. Hapo mtoto anaondoka akiamini kwamba kupanda miti ni jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulipinga. Siku ya mazingira inapenda sana imani hiyo, kwa kuwa haimkwazi yeyote: mwenye shoka na mwenye mche wanaweza kupiga makofi pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili hulitambua kuliko msomaji aliyekusudiwa na mchapishaji. Jina Mama Miti halina kiunganishi. Msomaji wa Kiingereza huelewa mama wa miti, yaani mwenye kuilinda. Lakini mahali penye desturi ya kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake, kama Mama Amina au Mama Kabwe, jina hilo lina muundo mwingine kabisa. Miti imekaa pale linapokaa jina la mzaliwa. Mwanamke huyu anaitwa kwa uzao wake. Kitabu kizima kinapatikana katika maneno hayo mawili, na hayo ndiyo maneno ya Kiswahili kwenye jalada la kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Anayetafsiri jina hilo kwa Kifaransa kwa kutumia kihusishi huliacha tendo hilo la kuzaa njiani.

4. Lugha ya tangazo na lugha ya masimulizi

Hapa uhakiki unaingia katika isimu. Maandishi ya Kiswahili yanayotayarishwa kwa ajili ya siku za uhamasishaji yana sarufi yake inayotambulika upesi. Kwanza, hujaa nomino dhahania za ngeli ya U-: utunzaji, ushirikishwaji, uhamasishaji, uwajibikaji. Pili, hupenda kauli ya kutendwa: siku ilitangazwa, miti ilipandwa, haki zilidaiwa. Mtendaji haonekani. Tatu, hutumia vielekezi vya wajibu: ni lazima, tunapaswa, inatupasa. Sentensi kama "Utunzaji wa mazingira ni wajibu wa kila mmoja wetu" haina kosa lolote la sarufi. Haina mtu ndani yake vilevile.

Dhidi ya hiyo Kiswahili kina chombo ambacho lugha nyingine zingekionea wivu, yaani kiambishi -ka-. Akachimba shimo, akaweka mche, akamwagilia, akaondoka. Hapa kila kitenzi kina mtu wake, na kila tendo linazaa jingine. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba kazi ni ya subira, kwa kuwa ameipitia kitenzi kwa kitenzi. Bibi anayesimulia ngano jioni hutumia -ka- bila kuifikiria. Mwandishi wa kitabu cha siku, akiwa na barua ya mfadhili mezani, huisahau. Tofauti kati ya kitabu kinachosomwa mara moja na kitabu kinachosomwa mara kumi huanza katika viambishi kama hivi.

Kuna pia suala la aina ya Kiswahili. Mtoto wa Lubumbashi husema "batoto" nyumbani na husoma "watoto" shuleni. Pengo hilo ni dogo, naye hulivuka bila shida iwapo kitabu kina hadithi ya kumvusha. Linakuwa pana pale sanifu anayokutana nayo ni ile ya mabango tu. Hapo ataamini kwamba Kiswahili sanifu ni lugha ya kuamuru, na Kiswahili cha nyumbani ndicho cha kusimulia. Anayetaka kuieneza lugha sanifu katika mashariki na kusini mwa Kongo hawezi kufanya kosa kubwa kuliko hilo.

5. Kalenda ya Kongo

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya 2014 inazikubali lugha za taifa, au za mahali, kuwa lugha za kufundishia katika madarasa ya mwanzo. Kwa hiyo si ndoto kudai kwamba mtoto wa Bukavu, Kalemie au Likasi asome kwa Kiswahili juu ya 4 Januari 1959, 17 Januari 1961 na 30 Juni 1960.

Mfano wa Patrice Lumumba unatosha. Tarehe 2 Julai 2025 ilitimia miaka 100 tangu alipozaliwa Onalua. Kitabu cha kawaida cha siku kitaanzia kwenye hotuba ya 30 Juni na kuishia kwenye neno shahidi. Kwa kipimo cha sehemu zilizotangulia, kitabu hicho kitakuwa kimeanzia mwisho. Lumumba alikuwa karani wa posta mjini Kisangani kabla ya kuwa waziri mkuu. Alizungumza Kiswahili. Alikuwa baba, na watoto wake walipelekwa Misri kabla ya kuuawa kwake. Safari hiyo, ikitazamwa kwa macho ya mtoto anayepakiwa kwenye ndege bila baba yake, ni hadithi ambayo mtoto yeyote anaweza kuingia ndani yake.

Itaulizwa namna ya kumweleza mtoto kifo kilichofuata, kwa kuwa Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa Katanga na miili yao ikaharibiwa isipatikane. Lakini historia yenyewe imeacha mlango. Tarehe 20 Juni 2022 Ubelgiji iliikabidhi familia jino moja, nalo likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni mwaka huohuo. Mwandishi wa kiofisi ataliona jino hilo kuwa jambo la kutisha na ataliruka. Mtoto wa miaka saba hataliona hivyo. Meno yake mwenyewe yanang'oka. Anajua uzito wa jino kiganjani, na anajua kwamba lilitoka kwa mtu. Pengine hakuna kitu katika historia yote ya taifa kilicho karibu zaidi na kipimo chake. Atauliza kwa nini lilibaki jino tu, na mwalimu itampasa ajibu. Kitabu kinachomlazimisha mwalimu kujibu kimefanya kazi yake.

Kuna tarehe ngumu kuliko hiyo. Tangu sheria ya Desemba 2022, siku ya 2 Agosti imewekwa kuwakumbuka wahanga wa vita na mauaji nchini Kongo. Soweto ya 1976 ina mwisho: utawala ule ulianguka. Mtoto wa Kivu aliyelala kambini hana mwisho wa kusimuliwa. Kumwandikia kitabu kinachofunga kwa furaha ni kumdanganya. Kumwandikia orodha ya maovu ni kumrudishia kile anachokijua kuliko mwandishi. Njia inayobaki ni ile ya Wright: asubuhi, nyumba, dada, jina. Kitabu kimpe mtoto huyo nafasi ya kuonekana akiwa mtu kabla ya kuhesabiwa kuwa mhanga, na kimruhusu kuishia pasipo jibu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tarehe haikiui kitabu yenyewe. Kinachokiua ni kukubali sauti ya tarehe. Vitabu vinavyodumu miongoni mwa vilivyochunguzwa ni vile vilivyorudi nyuma ya sherehe, mahali ambapo mhusika bado hajui.

Kwa wanafunzi watakaopenda kuendeleza utafiti huu, maswali matatu yanaweza kuwa kipimo. La kwanza: mhusika anajua nini katika ukurasa wa kwanza, na je, mwandishi amemjulisha mno? La pili: vitenzi vina watu, au vimegeuka kuwa nomino? La tatu: ukifuta tarehe kwenye jalada, mtoto ataendelea kusoma?

Kipimo hicho kinaweza kutumika kesho katika shule yoyote yenye kitabu kimoja tu cha siku ya mazingira, kwa kukisoma mwezi ambao hauna siku hiyo. Watoto wakiomba kisomwe tena, mwalimu amepata kitabu. Wakinyamaza, amebaki na tangazo lenye picha, na kazi ya kuandika kitabu chenyewe bado inawangoja wanaokijua Kiswahili vizuri zaidi, ambao wengi wao wamo katika idara za vyuo vikuu.